Kipande, Kitambulisho na Simu: Taarifa za Mkenya Mikononi mwa Nani?

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika nchini Kenya ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita Vikuu vya Kwanza viliichelewesha hadi 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande, yaani karatasi iliyokunjwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi, na hawakuwa wakitania.

Karatasi hiyo ilikuwa na jina, wilaya, kabila na alama za vidole. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mwajiri. Yeye ndiye aliyejaza aina ya kazi, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kuachishwa, kisha akatia sahihi. Kibarua aliyeondoka shambani bila sahihi hiyo alihesabiwa mtoro. Mlowezi mwingine hakutakiwa kumpokea, na polisi waliweza kumtafuta kwa kuwa alama zake zilihifadhiwa Nairobi. Mshahara ulioandikwa nao ulimkaba kivyake: mwajiri mpya aliusoma, akajua mtu huyu amezoea kulipwa kiasi gani, na hakuona sababu ya kumwongeza. Mwenye kipande alikibeba usiku na mchana, lakini hakuruhusiwa kuandika humo hata neno moja.

Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika Hazina ya serikali, alikifanya kipande kuwa mojawapo ya hoja zake kuu alipoanza kuhamasisha watu mwaka 1921, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, polisi walifyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, akiwemo Muthoni Nyanjiru. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kushtakiwa mahakamani. Kipande kiliendelea.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe. Walowezi, waliokuwa wameona alama za vidole kuwa jambo la kawaida kabisa kwa vibarua wao, waliona ni fedheha walipoambiwa watoe zao. Mwishowe serikali ililegeza kamba, na aliyejua kusoma na kuandika akaruhusiwa kutoa picha na sahihi badala yake. Baada ya uhuru kitambulisho kilibaki, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake nao wakaanza kuandikishwa.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 31, ndiyo iliyotamka wazi kwamba mtu ana haki ya faragha, ikiwemo kutolazimishwa kutoa habari za familia yake au mambo yake binafsi pasipo sababu. Ibara hiyo ilipimwa mapema 2019, serikali ilipoanzisha Huduma Namba, mfumo wa kidijitali wa kuwasajili watu na kumpa kila mmoja namba yake. Sheria iliyoizaa iliruhusu kukusanywa hata kwa vinasaba na mahali hasa mtu anapoishi. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni shirika la kutetea haki za Wanubi, jamii ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imepigwa msasa kabla ya kupewa vitambulisho. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza vinasaba na taarifa za mahali, na ikataka mfumo huo usiendelee bila kanuni madhubuti. Kabla ya hukumu hiyo, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyotiwa sahihi Novemba 2019. Sheria hiyo inampa mwenye taarifa haki ya kujua zinatumiwaje, kuziona, kuzisahihisha na kudai zifutwe pale zinapohifadhiwa bila haki.

Wakati huo taarifa nyingi zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye simu. Programu za mikopo ya haraka zilimtaka mkopaji akubali zisome orodha ya namba zake zote. Alipochelewa kulipa, walipigiwa shangazi, mkwe, hata bosi wake wa kazini, watu ambao hawakukopa wala kuulizwa. Hao ndio walioumizwa zaidi, kwa sababu ridhaa ilitolewa na mtu mwingine. Septemba 2023 Kamishna wa Data, anayesimamia Sheria ya Ulinzi wa Data, aliitoza kampuni moja ya aina hiyo faini ya shilingi 2,975,000.

Miezi miwili kabla ya hapo, Wakenya walipanga foleni ndefu Nairobi kupigwa picha za mboni na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, wakiahidiwa sarafu hizo zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Nenosiri likivuja hubadilishwa. Mboni haibadilishwi, na kwa kijana asiye na kazi shilingi hizo zilikuwa kodi ya chumba. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha fedha haikuwa halali, ikaamuru taarifa hizo zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna.