Butura ya Picha: Kutoka Kibingo hadi Paris

Kila msimu kahawa inapochanua, viongozi wa mkoa wa Kagera hurudia onyo lile lile: msiuze butura. Mkulima wa Kibingo, wilayani Kyerwa, aliyebanwa na ada ya shule au gharama za hospitali humfuata mwenye fedha taslimu, wakaenda shambani pamoja, wakaikadiria mibuni ingali na maua, na mkulima akalipwa papo hapo kwa bei ya mtu mwenye shida. Mavuno yakifika, gunia ni la mwingine. Serikali inaipiga vita butura kwa kuwa inajua inakoishia: jasho la familia hupanda bei likiwa limeshatoka mikononi mwao. Na vyama vya ushirika, kama KDCU kwa wakulima wa Karagwe na Kyerwa, viliwekwa ili mkulima asisimame peke yake mbele ya mnunuzi.

Nataka kuzitazama sanaa za uchoraji, uchongaji na upigaji picha kwa jicho la mkulima huyo. Mchoraji anayeuza ubao wake akadhani kila kitu kimeondoka na mnunuzi, ameuza butura bila kujua. Sheria za hakimiliki karibu kila nchi hutenganisha vitu viwili: ubao wenyewe, ambao mnunuzi anautundika sebuleni, na haki ya kuunakili mchoro ule, ambayo hubaki kwa mchoraji mpaka aihamishe mwenyewe. Anayetaka kuuweka mchoro huo kwenye kalenda, jalada la kitabu, fulana au tangazo la benki anapaswa kumrudia aliyeuchora. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, na kwa mujibu wa mkataba huo haki haisubiri muhuri wa ofisi yoyote ndipo iwepo. Huzaliwa pamoja na kazi. Kwenye karatasi, basi, mchoraji wa Kyerwa na mchoraji wa Paris wako sawa. Wanachotofautiana ni kwamba yule wa Paris ana wa kumdaia.

Wafaransa walifika hapo baada ya kuona aibu. Jean-François Millet alichora L'Angélus, mume na mke wakulima wameinamisha vichwa katika shamba la viazi, akaiuza kwa bei ndogo. Alifariki 1875. Mwaka 1889 picha hiyo ilipigwa mnada Paris ikafika faranga 553,000, fedha ambazo hazikuigusa familia yake, na tangu hapo kisa chake kikatajwa kila walipokaa watu kujadili haki za wachoraji. Mwaka 1920 Ufaransa ikatunga sheria iliyokuwa ya kwanza duniani: picha ikiuzwa tena, sehemu ya bei imrudie mchoraji au warithi wake. Leo nchi za Umoja wa Ulaya zote zina haki hiyo, kwa viwango vinavyoshuka kadiri bei inavyopanda. Huanzia 4% kwa euro 50,000 za kwanza, hushuka hadi 0.25% kwa kiasi kinachozidi euro 500,000, na jumla haivuki euro 12,500 kwa mauzo ya picha moja.

Hata hivyo sheria hiyo peke yake isingemlisha mtu. Mchoraji hawezi kuketi katika kila ukumbi wa mnada wala kufunua kila kitabu kinachochapishwa. Kilichoipa sheria miguu ni mashirika ya wakala: ADAGP iliyoanzishwa Paris 1953, DALRO ya Afrika Kusini 1967, VG Bild-Kunst ya Ujerumani 1968, na DACS ya Uingereza iliyoanza kazi 1984. Utendaji wao hauna mbwembwe. Msanii anajiunga na kuorodhesha kazi zake. Mchapishaji akitaka picha, wakala anamuuliza maswali ya dukani: nakala ngapi, ukurasa mzima au robo, jalada au ndani, kwa nchi zipi, kwa miaka mingapi? Majibu hayo ndiyo yanayopanga bei. Wakala anakusanya, anakata gharama zake (DACS hukata 15% katika fedha za mauzo ya pili), kinachobaki anamtumia msanii. Kama picha imetumika nchi nyingine, shirika dada la huko hukusanya na kuvusha fedha mpaka. Vilevile zipo fedha ndogo ndogo za kunakiliwa kwa vitabu mashuleni na maofisini, ambazo msanii mmoja asingeweza kuzifuatilia hata kwa maisha mawili, lakini zikikusanywa kwa pamoja hugawika.

Kinachonivutia katika mashirika haya ni daftari lao. Jina la msanii, tarehe ya kuzaliwa, orodha ya kazi, jina la mrithi, akaunti ya benki. Fedha haiwezi kumfikia mtu ambaye hakuna daftari linalomtaja, hata sheria iwe nzuri kiasi gani.

Sasa turudi Karagwe, kwa kuwa Kibingo ilikuwa sehemu ya Karagwe kabla wilaya ya Kyerwa haijaundwa mwaka 2012, na ufalme wa Karagwe ulikuwa na mafundi wakubwa kabla ya ofisi yoyote ya hakimiliki kufikiriwa. Henry Morton Stanley alipomtembelea Mfalme Rumanyika mwaka 1876 alioneshwa nyumba ya hazina. Aliona bata wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki na silaha za kila namna. Nyundo na fuawe za wahunzi zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme wenyewe. Miaka kumi na minne kabla yake, James Augustus Grant alibaki Karagwe miezi kadhaa akiuguza mguu, huku mwenzake John Hanning Speke akitangulia Buganda. Grant alikuwa anachora. Picha zake za rangi za maji zimehifadhiwa Edinburgh katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti kwa jina lake, na michoro yake ndiyo iliyotumiwa kutengenezea picha za kitabu cha Speke cha 1863. Aliyechora anajulikana, na mchapishaji anajulikana. Mhunzi aliyefua bata yule wa shaba, jina lake halikusafiri.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama kisa cha wizi tu, na mimi naona inastahili kusomwa kwa upana zaidi. Mhunzi wa Bweranyange, makao ya ufalme huo, hakufanya kazi ndani ya utaratibu wa saini. Kazi yake ilikuwa ya kiti cha ufalme: ililindwa, haikutolewa nje ovyo, na heshima yake iliambatana na mamlaka iliyoimiliki. Udhibiti ulikuwepo, na mkali kuliko ule wa London, ila ulishikwa na cheo badala ya mtu. Cheo kilipovunjwa na ukoloni, na baadaye falme zilipofutwa baada ya uhuru, ulinzi uliondoka nacho, na hapakuwa na jina la mtu la kuushika badala yake. Ndiyo maana siafiki hoja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba hakimiliki ni kitu cha kigeni kisicho na mizizi kwetu. Kujua nani aruhusiwe kutumia nini kulikuwepo. Kilichokosekana ni namna ya haki hiyo kuendelea kuishi baada ya taasisi yake kufa.

Australia imelihangaikia jambo hili kwa karibu zaidi kuliko Ufaransa. Msanii John Bulun Bulun, wa watu wa Ganalbingu, alichora bata bukini na mayungiyungi katika bwawa ambalo kwa ukoo wake ni mahali patakatifu. Kampuni moja ikaingiza nchini vitambaa vilivyochapishwa mchoro huo bila ruhusa. Katika hukumu ya mwaka 1998 mahakama ilikataa kuufanya ukoo kuwa mmiliki wa hakimiliki pamoja naye, lakini ikasema kwamba msanii, kwa kuwa ametumia maarifa ya watu wake, ana wajibu wa uaminifu kwao: hawezi kuuza kiholela, na kama angeshindwa kuilinda kazi hiyo, ukoo ungeweza kwenda mahakamani. Haki ikabaki kwa mtu mmoja, huku jamii ikishika mkono wake. Tangu Juni 2010 nchi hiyo ina pia haki ya mauzo ya pili ya 5% kwa kazi zinazouzwa kuanzia dola 1,000 za huko. Zaidi ya nusu ya wasanii waliofaidika ni wenyeji wa asili wa Australia, wengi wao wakiishi katika makazi ya mbali na miji. Vituo vya sanaa vya makazi hayo ndivyo vinavyoandika nani kachora nini na lini, na bila kumbukumbu hizo wakala asingejua amlipe nani.

Nchini kwetu somo chungu zaidi limetoka Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli, akiviuza karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay. Aliuawa kwa risasi ya polisi 1972, akidhaniwa mtu mwingine, baada ya miaka kama minne tu ya kazi. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo na kuunda ushirika wao mwaka 1990. Mtindo wenyewe hauna hakimiliki popote duniani. Mtu yeyote anaweza kuchora chui mwenye macho ya mviringo. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza wakaanza kutazama Tinga Tinga Tales, katuni zilizotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo huo. Zile picha alizozichora Tingatinga kwa mkono wake zilikuwa na kinga. Kwa kuwa sheria ya Tanzania huhesabu miaka 50 baada ya kifo cha msanii, kinga hiyo ilikwisha mwishoni mwa 2022. Nusu karne ya mabango, postikadi na vitabu imepita, na mlango umefungwa. Jambo hili linaniuma kuliko lolote katika habari hii yote.

COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, iliundwa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kwa miaka mingi ilikuwa wakala na msimamizi kwa pamoja. Nguvu yake ilielekea kwenye muziki, jambo linaloeleweka: redio, baa na hoteli zinasikika, na anayepiga wimbo ni rahisi kumfuata. Januari 2022 iligawa mirabaha kwa wanamuziki hadharani. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, kazi ya kukusanya ikafunguliwa kwa makampuni ya wasanii wenyewe, na COSOTA ikabaki ofisi ya usajili na usimamizi. Kwa wachoraji, wachongaji na wapiga picha hii ni nafasi iliyo wazi, na wakichelewa wataendelea kuwa watazamaji wa mirabaha ya wengine. Kenya kwa mageuzi ya 2019 iliingiza haki ya 5% kwa kazi za sanaa zinazouzwa tena, na Nairobi kuna minada ya sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013. Mkataba wa Berne unaweka sharti moja kwa haki hii: msanii hawezi kuidai ugenini kama sheria ya kwao haiitambui. Kwa hiyo kinachoandikwa Dodoma kinaamua kitakachopatikana London.

Na Kibingo? Mchora mabango, mpiga picha wa harusi, mama anayesuka vikapu na mikeka: watatu hawa hawapaswi kuingizwa katika fomu moja. Wawili wa kwanza wanatosheka na njia ya Paris. Wasajili kazi, waandike kwenye risiti kwamba kinachouzwa ni nakala hii tu, wakatae karatasi zinazosema "haki zote" kwa malipo ya siku moja. Msusi ana hali nyingine. Nakshi ya kikapu chake ameirithi, na ya jirani yake inafanana nayo, kama nakshi za imigongo, zile za samadi ya ng'ombe na rangi, zinavyofanana mkono kwa mkono katika vikundi vya wanawake wa mashariki mwa Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi dhidi ya matumizi ya kibiashara yasiyo na kibali, lakini kibali hicho kinahitaji mtu wa kukiomba na jamii inayojulikana kuwa ndiyo yenye nakshi. Kikundi cha wasusi kinaweza kufanya kile ambacho vituo vya Australia vinafanya: kupiga picha kila nakshi, kuandika nani kaisuka, ametoka ukoo gani, ilianza kutumika katika shughuli ipi. Chama cha msingi cha kahawa kinajua kilo za kila mwanachama kwa jina. Ujuzi wa kutunza daftari la namna hiyo upo kijijini tayari.

Na kwa wengine mlango ungali wazi. George Lilanga, Mmakonde wa Masasi aliyeinukia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, alifariki Juni 2005. Michoro na vinyago vyake vimo katika mikusanyo mikubwa ya Ulaya na vinaendelea kununuliwa na kuuzwa. Kwa hesabu ya miaka 50, kazi zake ziko chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2055. Kila kitabu kitakachochapishwa na picha zake mpaka mwaka huo kinadaiwa.