Maji ya Kiangazi

Mtu apandaye Kilimanjaro wakati wa masika, akausikia mto ukivuma bondeni kana kwamba radi imefungiwa humo, huona tabu kusadiki kwamba mto ule ule, miezi michache baadaye, mtoto huuvuka pasipo kulowa magoti. Ghururi hiyo imewapoteza wengi waliotamani kufua umeme kwa mito ya milimani. Haikuwapoteza Wachaga, ambao Charles New, mmishonari Mwingereza, alipofika kwao mwaka 1871, aliwakuta wamekwisha kuyatoa maji makorongoni kwa mifereji waiitayo mifongo, pasipo chombo cha kusawazishia ila jicho na maji yenyewe.

Hikima ya mfongo ni kupoteza kimo kidogo kidogo: ukiinamishwa mno, maji hula kingo, ukilazwa mno, tope hutuama. Mhandisi wa umeme mdogo naye mfereji wake huambaa ubavuni mwa mlima, ukitunza kimo kama bahili atunzavyo mali, hata maji yafike juu ya nyumba ya mitambo, yakaachiliwa ndani ya bomba la chuma. Lita 50 kwa sekunde zikianguka mita 40 zina nguvu isiyotimia kilowati 20, na bomba na mitambo ikiisha kutoza ushuru wake, hubaki kama 12 hivi. Hesabu ni nyepesi; kazi ni kuzijua hizo lita.

Njia ya kale, niiheshimuyo kuliko zana nyingi za fahari, ni ya chungwa. Hutafutwa mahali mto uliponyooka, hupimwa mita 10 ukingoni, kina hupimwa kwa ufito toka ng'ambo hadi ng'ambo, kisha chungwa hutupwa katikati, ukahesabiwa muda wa kuzipita mita hizo. Nalo lafaa kwa kuwa huelea likiwa limezama karibu lote, upepo usipate pa kulisukuma. Mwendo wake hupunguzwa katika hesabu, maana maji ya juu huyapita yale ya chini yakwazwayo na mawe. Lakini kipimo cha siku moja ni shahidi mmoja tu. Lazima kirudiwe kiangazi, tena miaka kadha.

Maji hayo hayo ya Kilimanjaro huishia mto Pangani, ambako kituo cha Hale, cha megawati 21, kilianza mwaka 1964. Huko chini mto umekwisha kukusanya vijito vingi. Mlimani sivyo: baina ya banio, maji yachepushwapo, na nyumba ya mitambo mto hupungua, hata kiangazi waweza kukauka, na mwenye mfongo uchepukao katika kipande hicho hana faraja kwa kuambiwa kwamba maji yake yamerudishwa mtoni, salama salimini, chini ya shamba lake.