Koilositi: Alama Iliyoitangulia Sababu Yake

Mwaka 1956, Koss na Durfee wa New York walieleza seli za mlango wa kizazi zenye viini vikubwa, vilivyokoza rangi na kukunjamana, huku kila kiini kikizungukwa na nafasi nyeupe, kana kwamba seli imekombwa ndani. Waliziita koilositi, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya uvungu. Jina la umbo tu, lisilotaja sababu. Papanicolaou na Traut walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 1943, kwamba seli zilizopakwa kwenye kioo hufichua saratani mapema. Koilositi, hata hivyo, haikuwa saratani, na kwa miaka 20 wasomaji wa darubini waliihesabu miongoni mwa kasoro za seli.

Mwaka 1976, Meisels na Fortin wa Quebec waliitambua kuwa alama ya masundosundo, ugonjwa uliojulikana kuletwa na virusi. Hivyo, sehemu kubwa ya displasia hafifu ikaanza kusomwa upya kama maambukizi. Mwaka 1983 kundi la Harald zur Hausen, Ujerumani, likatenga papiloma aina ya 16 katika uvimbe wa saratani yenyewe. Hapo udhaifu wa alama ukadhihirika: wanawake wengi wenye kirusi hawaonyeshi koilositi hata moja kiooni.