Mkutano wa Dunia wa Njia ya Hewa
Kongamano la madaktari wa usingizi, wagonjwa mahututi na dharura, lililoanzishwa kwa ushirikiano wa Difficult Airway Society ya Uingereza na Society for Airway Management ya Marekani. Lilifanyika kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 2015, kisha Amsterdam mwaka 2019. Kiini chake ni dakika chache za kutisha: mgonjwa ameshalazwa usingizi, mrija wa kupumulia haupiti kooni, na hata barakoa haifikishi oksijeni mapafuni. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 ulimtaka daktari asiendelee kung'ang'ania mdomoni. Apasue kwa kisu utando ulio chini kidogo ya kikoromeo, apitishe mrija hapo. Kwa kuwa hali hiyo hutokea kwa nadra mno, mazoezi ya mikono yana thamani kubwa kuliko hotuba.