docker import
Amri ya Docker, programu iliyotolewa kwa umma mwaka 2013, inayounda taswira ya kontena kutoka faili la tar. Aghalabu faili hilo hutokana na docker export, inayonakili mfumo wa mafaili wa kontena lakini huacha data iliyomo kwenye voliumu. Taswira mpya huwa na tabaka moja tu. Historia ya matabaka ya awali hupotea, na mipangilio kama CMD, ENTRYPOINT na ENV nayo hufutika. Hapo ndipo wengi hukwama, kwani kontena hukataa kuanza bila kutajiwa programu ya kuendesha. Chaguo la --change huirudisha mipangilio hiyo:

docker import --change 'CMD ["/bin/sh"]' nakala.tar duka:1.0

Anayetaka matabaka yote yabaki hutumia docker save na docker load.