Kudabaghi kwa Gome la Mkandaa: Maneno ya Kazi ya Ngozi

Miongoni mwa maswali tuulizwayo na wafasiri, moja ni hili: fundi anayeigeuza ngozi mbichi iwe ngozi ya kushonea makubadhi, kazi yake yaitwaje? Wengine huandika "kutani", neno tusiloliunga mkono, kwani tani tayari ni kipimo cha uzito, na utani tunao wa kutosha. Wengine huandika "kulainisha". Hilo nalo halitoshi: kupaka samli na kufikicha kwaweza kulainisha ngozi bila kuizuia isioze.

Kiswahili kina kitenzi dabaghi, kilichotokana na Kiarabu. Kwamba hakisikiki sana, twadhani sababu yake ni ya kibiashara. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Salem, Marekani, walinunua Unguja ngozi, pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Ngozi hizo zilidabaghiwa ng'ambo. Huku pwani yakabaki yakitumika zaidi maneno ya hatua za mwanzo: kuchuna, kuwamba, kuanika.

Ilhali dawa yenyewe ilikuwa papa hapa. Gome la mkandaa, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko, lina tanini nyingi, nayo hushikamana na protini ya ngozi na kuipa wekundu. Wajerumani walipotawala, magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalipelekwa Ulaya kwa kazi hiyo. Baadaye muwati, mti wa asili ya Australia, ukapandwa Njombe na Lushoto. Kuna pia njia ya kromi, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1884, ambayo huiacha ngozi na rangi ya samawati. Kwa hiyo twapendekeza tofauti iandikwe wazi: kudabaghi kwa magome, na kudabaghi kwa kromi.

Mapambo ya ngozi yasiitwe "dizaini". Nakshi ni neno lile lile la milango ya Unguja, ambako maua na majani yamechongwa tangu zamani. Na kile kikanda kipitacho kati ya vidole ni gidamu. Si "kamba ya kiatu", ambayo ni ya kufungia.