Shoo Yako ya Kwanza na Gitaa ya Besi: Vitu Zenye Hakuna Msee Atakuambia

Wacha nianze na aibu yangu ndio tukuwe sawa. Shoo yangu ya pili, harusi moja side za Thika, nilipiga ngoma mbili nzima na besi haikuwa inatoka. Haitoki ata kidogo. Betri ilikuwa imekufa ndani ya gitaa, na mimi nimesimama pale na shati ya kuazima, natingisha kichwa, vidole zinakimbia, nikidhani niko moto. Hakuna mgeni ata mmoja aligeuka kuniangalia. Chenye kilifanyika ni wale mashosho walikuwa wameshika uwanja walianza kurudi kwa viti, mmoja mmoja, kama watu wameskia chakula iko tayari. MC akadhani wamechoka. Mpiga dramu ndiye alinicheki na jicho mbaya mpaka nikaangalia chini kwa waya.

Hiyo ndio kazi ya besi. Watu hawajui kama wanaiskia, lakini ikizima wanakaa chini. Sasa kama umekuwa ukijifunza kwa keja na jana umepigiwa simu ukaambiwa "Jumamosi utatushikia besi," keti hapa kidogo.

Tuanze na chombo yenyewe, haraka tu. Besi ya kawaida iko na nyuzi 4: E, A, D na G, kutoka ile nene kwenda nyembamba. Hiyo E ukiipiga wazi inatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Ukiona msee ako na nyuzi 5, ile ya ziada ni B, inashuka mpaka karibu 31. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini hivyo, kwa hivyo kama umekuwa ukijifunza ngoma ukitumia simu bila headphone za maana, kuna noti hujawahi kuskia. Ulikuwa unakisia. Besi ya stima yenye watu waliikubali, ile Precision ya Leo Fender, ilitoka Marekani mwaka wa 1951. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanabeba ile kubwa ya kusimama, saizi ya mtu mzima. Fikiria ukiingia nayo kwa matatu.

Na usikubali mtu akuambie besi ni ya kujaza nafasi. Sisi tumelelewa na besi. Benga ilitoka upande wa ziwa, kwa Wajaluo, na ukiskiza D.O. Misiani na Shirati Jazz utaskia besi haijakaa nyuma kama mtoto mpole. Inaongea, inajibu gitaa ya solo, inasukuma. Halafu kuna Les Wanyika, walianza 1978. Weka "Sina Makosa" sasa hivi, na ujaribu kuimba ile besi ya Tom Malanga. Umeweza, si ndio? Hujui kama ulikuwa unaijua. Kila harusi, kila baa yenye live bendi hapa Kenya, kuna mzae ataitisha hiyo ngoma, na ukichoma hiyo besi, manze, hakuna mahali utajificha. Jifunze hiyo kabla ya ile ingine yoyote.

Kwa keja ulikuwa mkali

Hii ndio inamaliza wengi. Kwa keja uko peke yako na kaampu kadogo. Unafungua besi yote, unatoa sauti za kati, unaongeza trebo kidogo, na inaskika tamu kama ya redio. Jumamosi unafika na hiyo mipangilio, bendi inaanza, na unapotea. Unaskia tu ngurumo, kama lori imepaki nje. Unaongeza volyumu. Ngurumo inaongezeka. Msee wa saundi anakukasirikia.

Shida ni kwamba ile sauti ya chini kabisa imeshabebwa na kiki ya dramu, na spika nyingi za kukodi haziwezi kuitoa vizuri. Noti yako yenye sikio inaweza kushika iko pale kati, penye ulipunguza. Kwa hivyo fanya kinyume: punguza besi kidogo, rudisha sauti ya kati. Peke yako itaskika mbaya, kama mtu anaongea na mafua. Ndani ya bendi itaskika kama besi. Niamini kwa hii, mimi nilichukua karibu mwaka mzima kuikubali.

Ingine ni ukumbi. Wimbi la hiyo E ya chini liko na urefu wa zaidi ya mita 8. Ndio maana unaweza kuwa umesimama karibu na ampu na huskii kitu, halafu yule mama ameketi kona ya nyuma anashikilia kifua. Kwa kanisa la mabati ni noma zaidi, mabati yenyewe yanaimba na wewe. Wakati wa saundi cheki, kama waya yako inafika, shuka steji utembee mpaka katikati ya viti ukiwa unapiga. Kama haifiki, tuma beshte akuskizie. Usiulize wasanii wenzako, kila mmoja anajiskiza mwenyewe.

Na msee wa saundi umsalimie ukifika, kabla uguse kitu. Jua jina lake. Yeye ndiye ataamua kama unaskia kitu kwa monita yako ama utapiga kwa imani.

Ukipotea, na utapotea

Kwa kanisa, na ata kwa ruracio, mwimbaji ataanza tu. Hakuna mtu anakuambia anaanzia wapi. Wewe unaskia sauti, mpiga kinanda anatafuta, na unashtukia watu mia mbili wanakungoja. Hapa kuna doh mbili za kutafuta maishani, ile ya mfuko na ile ya do-re-mi, na hii ya pili ndio inaleta ya kwanza. Funza sikio yako kupata doh. Kaa karibu na mpiga kinanda penye unaona mkono wake. Bendi nyingi ziko na ishara za vidole: kidole kimoja turudi nyumbani, vinne, vitano, tunajua tunaenda wapi. Uliza bendi yako inatumia gani kabla ya kupanda.

Ukikosea noti, usiruke kama umechomwa. Noti sahihi kawaida iko freti moja tu, juu ama chini. Telezea hapo pole pole kama ulikuwa umepanga, na watu watasema hiyo ilikuwa swagga. Ukipotea kabisa, wachana na madoido, shika noti ya msingi na uipige na kiki ya dramu. Boom, boom, boom. Unaweza kuishi hapo verse nzima na hakuna mtu atalia. Chenye watu hawasamehi ni ukinyamaza halafu urudi, halafu unyamaze tena.

Woga pia unafanya kitu ingine hujaitambua: unachapa nyuzi kwa nguvu na unakimbia. Ngoma yenye mlifanya pole kwa mazoezi mnajikuta mnapiga kama mnafukuzwa na kanjo. Vidole zinashikwa na mkakamao kufika ngoma ya tatu. Dawa ni kuongeza volyumu ya ampu kidogo na kupiga laini. Na fanya mazoezi ukiwa umesimama, na mkanda urefu ule ule utatumia. Mimi nilikuwa nafanyia kitandani. Siku ya shoo gitaa ilining'inia kwa magoti na nikagundua mkono wangu wa kushoto hajui nyumbani ni wapi.

Halafu kuna seben. Ikifika ile sehemu ya mwisho, gitaa zinaanza kuzunguka na kanisa lote liko kwa hewa, unaweza kupiga mizunguko ile ile ya kodi tatu kwa dakika kumi na tano. Hapo ndio wanaoanza wanachoka, ama wanaboeka wanaanza kuonyesha vile wanajua. Usifanye hivyo. Watu wanacheza juu yako.

Huyu wa kinanda

Wacha niseme hii wazi. Adui wa besi anayeanza ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Wengi wao wamezoea kupiga peke yao, kwa hivyo wanajaza chini mpaka hakuna nafasi. Wewe unapiga C, yeye anapiga E huko huko chini, na wote mnaskika kama mmekosea. Na si ati ni mbaya, ni mazoea. Mwambie mapema, kwa heshima, akiwa anakula: "Buda, ukinipea huko chini leo nitakushukuru." Akikataa, bonga na kiongozi wa bendi.

Na hii ni mambo ya ugali pia. Kinanda inaweza kucheza besi yenyewe. Msee wa mugithi anakuja na gitaa yake moja na kinanda imepangwa, anabeba harusi nzima, na hagawi na mtu. Mwenye shughuli akiulizwa apunguze wasanii wangapi ndio bajeti ikae, wa kwanza kukatwa ni wewe. Nimekatwa mara mbili kwa WhatsApp, usiku wa kuamkia shoo. Kwa hivyo ukiwa pale juu, hiyo tofauti kati ya besi ya mtu na besi ya mashine lazima iskike, ama Jumamosi ijayo utabaki kwa keja.

Betri, waya na stima

Kama gitaa yako inatumia betri ya 9V, jua hii: ukiacha waya imechomekwa, betri inaendelea kuliwa ata kama hupigi. Ndio ilinimaliza Thika. Nilichomeka asubuhi wakati wa saundi cheki, nikaenda kudishi, masaa matano. Toa waya kila ukishuka. Beba betri mpya kwa mfuko, na waya ya pili. Uzi wa besi kukatika ni nadra, waya kufa ni kila siku.

Stima nayo ni stori ingine. Shughuli nyingi za nje zinaenda na jenereta, na kama hakuna mtu ameweka waya ya ardhini, utaskia mlio wa mmmm kwa ampu. Mlio ukinyamaza ukigusa nyuzi, hiyo ni ishara ya kuangalia vizuri. Na kama unaimba pia, usipeleke mdomo kwa maiki ukiwa umeshika nyuzi kabla fundi aangalie. Ukiskia ata mchomo kidogo kwa mdomo ama vidole, wacha, waambie wazime, warekebishe. Shoo inaweza kungoja. Usiendelee ati ndio usionekane mwoga.

Doh ile ingine

Sitakudanganya, pesa ni kidogo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na mathee bado anauliza kama hii kitu ni kazi. Harusi ya Thika nililipwa thao mbili. Kwenda, konda alikataa kubeba besi bila niilipie kiti, so tulikuwa abiria wawili, mimi na yeye, amekaa dirishani. Kurudi ilikuwa usiku, matatu zimeisha, nikachukua boda. Nikifika nilikuwa nimebaki na soo nane na vumbi.

So uliza mambo ya nauli kabla ukubali, si baada. Uliza shoo inaisha saa ngapi, na nani analipa: mwenye harusi, ama kiongozi wa bendi. "Tutakusort" si bei. Andika kwa meseji: pesa ngapi, nusu lini, nusu lini. Kama ni kanisa lenu na umeamua ni huduma, sawa, hiyo ni kati yako na wao, lakini mjue wote mmeamua hivyo. Wengi tunaanzia huko, na hakuna shule ingine ya bure itakupandisha steji kila Jumapili mbele ya watu.

Kesho yake, huyo mpiga dramu wa jicho mbaya alinipigia. Nilidhani ni ya kunifukuza. Akaniuliza kama niko free Jumamosi, kuna ruracio Limuru, thao mbili na nauli. Halafu akasema, "Na ukuje na betri."